Jengo Likiuzwa Washington: Kondo, Ushirika au Kubaki Mpangaji?

Mpangaji wa Washington, D.C. ana haki ambayo wapangaji wa miji mingi ya Marekani hawana: mwenye jengo akitaka kuuza, lazima kwanza awape nafasi ya kununua wale wanaoishi humo. Sheria hiyo ni ya mwaka 1980, na wenyeji huiita kwa kifupi chake, TOPA. Wengi wakisikia habari zake hudhani uamuzi ni mmoja tu, kununua au kutonunua. Kumbe mjadala unaowachosha wapangaji vikaoni ni ule unaofuata: tukishalipata, jengo liwe nini?

Njia ni tatu. Jengo ligawanywe kuwa kondo, kila mtu na hati ya fleti yake. Au libaki kitu kimoja kinachomilikiwa na ushirika wa wakazi. Au wapangaji wamkabidhi mwendelezaji (kampuni au shirika la kununua na kukarabati majengo) haki yao ya kununua, anunue yeye, wao waendelee kupanga kwa masharti waliyokubaliana. Zote tatu zimetumika sana mjini humo, na kila moja ina watu wanaoisifu na wanaoilaani.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mpangaji Mtanzania, Mkenya au Mkongo aliyeletewa barua ya mauzo na anatakiwa apige kura. Msimamo wangu nautanguliza ili usomaji uwe wa haki: mimi naupendelea ushirika pale ambapo jengo lina watu wa kipato cha chini walio tayari kukaa vikao. Pasipo na watu hao, sitamshauri mtu auchague kwa sababu tu unasikika vizuri.

Muda kwanza

Kwa jengo la fleti tano na zaidi, utaratibu uliozoeleka ni huu. Barua ya ofa ikifika, wapangaji wana siku 45 za kuunda chama, kukisajili na kuwaarifu mwenye jengo na serikali ya mji. Chama lazima kiungwe mkono na zaidi ya nusu ya kaya zinazohesabika. Baada ya hapo kuna angalau siku 120 za kujadiliana bei, kisha muda mwingine wa kutafuta fedha na kukamilisha. Sheria imerekebishwa mara kadhaa. Mwaka 2018 nyumba za familia moja ziliondolewa, na mwaka 2025 Baraza la mji likapunguza tena wigo wake, hasa kwa majengo yaliyojengwa karibuni. Kwa hiyo tarehe za kufuata ni zile zilizo kwenye barua yako. Usitegemee za jirani aliyepitia haya miaka mitano iliyopita.

Siku 45 huyeyuka. Wiki ya kwanza watu hawaamini, ya pili wanabishana, ya tatu ndipo mtu anatafuta wakili. Chama kisiposajiliwa kwa wakati, hakuna tena cha kulinganisha.

Kondo: hati yako, faida yako, hatari yako

Ukiwa na kondo unamiliki fleti yako kwa hati, na sehemu ya pamoja (paa, ngazi, boila, uwanja) mnaimiliki wote. Msomaji wa Dar es Salaam anaufahamu mfumo huu kupitia Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, na wa Nairobi kupitia Sectional Properties Act ya 2020. Mkopo wa nyumba unauchukua mwenyewe. Ukiuza, faida ni yako peke yako.

Kugeuza jengo la kupangisha kuwa kondo mjini Washington hakufanyiki kimyakimya. Lazima wapangaji wapige kura, na zaidi ya nusu ya kaya zinazostahili zikubali. Kuna ada ya asilimia 5 ya bei ya mauzo inayolipwa kwa mji. Mpangaji mwenye umri wa miaka 62 au zaidi, au mwenye ulemavu, ambaye kipato chake ni kidogo, hawezi kufukuzwa kwa sababu jengo limegeuzwa. Ulinzi wa wazee hao ni wa kweli, na chama kikiwa na wazee wengi, wahesabiwe mapema, maana fleti zao haziwezi kuuzwa zikiwa tupu na hilo linabadilisha hesabu ya mradi mzima.

Mradi wa kondo wa wapangaji kwa kawaida huwa na bei mbili. Wenyeji wa jengo hununua kwa bei ya ndani, chini ya soko. Fleti zilizo tupu, au za waliokubali kuondoka, huuzwa kwa watu wa nje kwa bei ya soko, na faida hiyo ndiyo inayoshusha bei ya wenyeji. Kwa hiyo jengo lenye fleti nyingi tupu katika mtaa unaopanda bei linaweza kuwapa wakazi wake nyumba kwa bei ya kushangaza. Jengo lililojaa halina mtaji huo.

Aliye na kipato cha chini au cha kati anaweza kuomba mkopo wa HPAP, mpango wa mji unaosaidia ununuzi wa nyumba ya kwanza. Mwaka 2022 kiwango chake cha juu kilipandishwa hadi dola 202,000, kiasi kinategemea kipato na ukubwa wa kaya, na kwa wa kipato kidogo urejeshaji husubiri mpaka nyumba iuzwe. Ubaya wake ni kwamba fedha za mwaka huisha mapema kuliko mwaka wenyewe.

Sasa yale ambayo mawakala hawayasemi kwa sauti.

La kwanza ni benki. Kondo inamtaka kila mtu apite kwa benki peke yake: historia ya mkopo, hati za kodi, miaka ya kazi. Mwenye kazi mbili za malipo taslimu ataanguka hapo. Tangu Mei 2025 mikopo yenye bima ya FHA, idara ya nyumba ya serikali kuu ya Marekani, ambayo ndiyo ilikuwa mlango wa wahamiaji wengi, kwa jumla haitolewi tena kwa mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu. Kabla ya kupiga kura ya kondo, chama kinatakiwa kijue ni kaya ngapi zitapata mkopo kwa hakika. Zikiwa nane kati ya ishirini, hao kumi na wawili waliobaki wanakwenda wapi?

La pili ni ada ya kila mwezi, ile ambayo nyumbani tunaiita service charge. Ukilipa benki lakini ukashindwa kulipa ada ya jengo, chama cha kondo kinaweza kuikamata fleti na kuiuza. Wako waliopoteza nyumba kwa deni dogo la ada huku mkopo wao wa benki ukiwa haudaiwi hata mwezi mmoja.

La tatu ndilo linaloniudhi, na halimgusi mnunuzi bali mji. Majengo ya kupangisha yaliyojengwa kabla ya 1976 mengi yako chini ya udhibiti wa pango: nyongeza ya mwaka haizidi mfumuko wa bei na asilimia 2 juu yake, na kwa vyovyote haivuki asilimia 10. Lakini mtu binafsi mwenye fleti nne au pungufu za kupangisha amesamehewa udhibiti huo. Jengo la fleti 20 lililodhibitiwa likigeuzwa kondo, kesho wamiliki 20 wanaweza kupangisha kila mmoja kwa bei apendayo. Hakuna aliyevunja sheria, na nyumba 20 za bei nafuu zimetoweka.

Ushirika wenye kikomo cha faida

Hapa hununui fleti. Ushirika ndio unaonunua jengo zima, unachukua mkopo mmoja mkubwa, na wewe unanunua hisa inayokupa haki ya kuishi katika fleti fulani. Aliyewahi kuwa mwanachama wa SACCO ataelewa haraka: mtu mmoja kura moja, bodi ya kuchaguliwa, mkutano mkuu wa mwaka, na lawama zote zinazoambatana navyo. Ukiondoka, hisa yako unaiuza kwa bei iliyowekewa kikomo na kanuni za ushirika. Unarudishiwa ulichoweka na nyongeza kidogo. Hutajirikii hapo.

Jopo lililoundwa kuchunguza ushirika wa aina hii mjini Washington lilikuta, mwaka 2019, karibu majengo mia moja yenye fleti zaidi ya 4,000. Mengi yalizaliwa kwa njia hii hii ya wapangaji kununua. Fedha nyingi hutoka kwenye mfuko wa mji wa uzalishaji wa nyumba, ulioanzishwa mwaka 1988, kwa mkopo wa riba ndogo sana au ambao marejesho yake yanasubiri. Mji nao hautoi bure: hudai masharti yaandikwe kwenye hati ya ardhi kwamba wanachama wapya watakuwa wa kipato fulani, kwa miongo kadhaa.

Faida kubwa kwa mhamiaji ni kwamba mkopo ni wa ushirika. Benki inalikagua jengo, mapato yake na bodi yake. Bibi anayeishi kwa pensheni na kijana wa Uber aliyefika juzi wanaingia kwa hisa ileile ya dola elfu moja au mbili. Mwenye vocha ya serikali ya kulipia pango kwa kawaida anaweza kuendelea kuitumia akiwa mwanachama, jambo ambalo kwenye kondo linahitaji mpango tofauti kabisa.

Hatari iko kwenye kitu hicho hicho. Mkopo ni mmoja, kwa hiyo majirani watatu wakiacha kulipa, pengo mnalifunika ninyi. Mkishindwa, benki inachukua jengo zima, pamoja na fleti ya yule ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Nimeona ushirika ambao bodi yake iliogopa kupandisha ada kwa miaka mingi kwa sababu wote ni jamaa na marafiki. Paa likaanza kuvuja na akiba ilikuwa haitoshi hata kulipia fundi wa kulikagua. Aibu ya kumdai jirani ni gharama, na haiandikwi kwenye bajeti yoyote.

Tena ushirika haudumu milele kwa kuitwa ushirika. Sursum Corda, mtaa wa nyumba za bei nafuu uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu na North Capitol Street, baadaye uliendeshwa kama ushirika wa wakazi wenyewe. Thamani ya ardhi ilipopanda, ushirika ukauza kwa mwendelezaji na nyumba zikabomolewa katika muongo wa 2010. Siwalaumu, wengi walikuwa wameishi na uhalifu kwa miaka na hatimaye ardhi yao ilikuwa na bei. Ila anayesema ushirika umemaliza tatizo aulize kwanza masharti ya hati yanaisha lini, na kura ngapi zinatosha kuuza.

Kubaki mpangaji chini ya mnunuzi mliyemchagua

Hii ndiyo njia inayotumiwa na majengo mengi makubwa, na inadharauliwa bila sababu. Wapangaji wanawahoji waendelezaji kadhaa, wa faida na wasio wa faida, wanalinganisha ahadi, kisha wanamkabidhi mmoja haki yao. Kwa malipo gani? Hapo ndipo mazungumzo yalipo. Unaweza kudai nyongeza ya pango isizidi kiwango fulani, jiko jipya, lifti itengenezwe, asifukuzwe mtu wakati wa ukarabati, na fleti ziandikishwe kuwa za bei nafuu kwa miaka mingi. Yote yaandikwe kwenye mkataba wa maendeleo, maana ahadi iliyotolewa ukumbini mbele ya chai na sambusa haina thamani mahakamani.

Waendelezaji wengine hutoa fedha taslimu kwa anayekubali kuondoka. Kwa mtu ambaye tayari alikuwa anarudi nyumbani au anahamia kwa watoto wake Texas, ni heri. Kwa anayebaki mjini, apige hesabu ya tofauti ya pango la atakapokwenda. Fedha nyingi za aina hiyo huisha ndani ya miaka michache.

Hesabu kwa mfano

Namba hizi ni za mfano tu. Chukua jengo la fleti 20. Bei ni dola milioni 3, ukarabati milioni 1, jumla milioni 4, yaani dola 200,000 kwa fleti. Riba asilimia 6.5 kwa miaka 30. Kwenye ushirika, nusu ya fedha ni mkopo wa mji ambao marejesho yake yanasubiri.

| | Kondo | Ushirika | Kubaki mpangaji |
|---|---|---|---|
| Cha kuanzia | gharama za kukamilisha ununuzi | hisa, dola 2,000 | hakuna |
| Rejesho la mkopo kwa mwezi | 1,264 | 632 (ndani ya ada) | hakuna |
| Ada, kodi ya mali, bima, akiba | 500 | 550 | ndani ya pango |
| Jumla kwa mwezi | 1,764 | 1,182 | pango la sasa na nyongeza mliyokubaliana |

Usikimbilie kusema ushirika umeshinda. Ukipata dola 70,000 za HPAP, mkopo wako wa kondo unabaki 130,000 na rejesho linashuka hadi dola 822 hivi. Tofauti ya mwezi inakuwa ndogo, na nyumba ina hati yenye jina lako.

Songa mbele miaka kumi. Tuseme fleti kama hizo sasa zinauzwa dola 320,000. Mwenye kondo aliyekopa 200,000 bado anadaiwa kama 170,000. Anaondoka na 150,000 kabla ya kumlipa wakala. Hizo ni fedha za kusomesha mtoto chuo kikuu, au za kujenga Kigamboni na kubakiwa na akiba. Mwenzake wa ushirika anaondoka na dola 2,600. Kama amelipa vizuri na kuweka kando tofauti ya kila mwezi, ana kitu. Kama hakuweka, hana.

Sasa mtazame anayeingia. Kwenye kondo anahitaji mkopo wa 320,000, rejesho dola 2,023, na pamoja na ada anapita 2,500 kwa mwezi. Kwenye ushirika analipa hisa ya 2,600 na ada ambayo imepanda kwa gharama za uendeshaji tu. Unafuu wa kondo ulimfaa mtu mmoja, kisha ukageuka kuwa faida yake. Unafuu wa ushirika umehamia kwa mgeni. Mji ukiweka fedha za umma kwenye jengo, una sababu ya kutaka njia ya pili. Familia inayopanga maisha yake ina sababu ya kutaka ya kwanza, na sioni kosa katika hilo.

Pana njia ya katikati: kondo yenye sharti la bei ya kuuzia lililoandikwa kwenye hati, ambapo mnunuzi anayefuata lazima awe wa kipato fulani na faida ina ukomo. Hulinda unafuu bila mkopo wa pamoja. Tatizo ni kwamba watu husaini bila kusoma, halafu siku ya kuuza wanahisi wameibiwa. Lisomwe kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa kabla ya kusaini.

Jengo gani, njia gani

Jengo dogo, fleti nane au kumi, wengi wana ajira rasmi na historia safi ya mkopo, fleti mbili au tatu ziko tupu: kondo, na wazee wasionunua walindwe kama wapangaji.

Jengo la kati, kipato cha chini, watu wamekaa miaka mingi na wanafahamiana bila kuwa ndugu, wapo watatu au wanne wanaoweza kusoma bajeti: ushirika. Na wasijisimamie wenyewe. Waajiri kampuni ya kusimamia jengo ili kudai ada isiwe kazi ya jirani.

Jengo kubwa, bovu, lenye mabomba ya kutu na wapangaji wanaopishana zamu za usiku bila kujuana: mpeni haki hiyo mwendelezaji mwenye rekodi nzuri, mmbane kwenye mkataba. Ushirika wa watu 150 ambao hawahudhurii mkutano ni jengo lisilo na mwenyewe.

Miji mingine inavyofanya

New York ilichukua upande wa kuzuia. Kabla ya Juni 2019, mwenye jengo aliweza kuligeuza kuwa kondo asilimia 15 tu ya fleti zikipata wanunuzi. Sasa kwa kawaida anahitaji asilimia 51 ya wapangaji waliomo wanunue wenyewe, na mipango ya kugeuza kwa kufukuza imefutwa. Mji huohuo una zaidi ya majengo 1,000 ya ushirika wa bei nafuu, mengi yakiwa yale yaliyotelekezwa na wenyewe na kuangukia mikononi mwa serikali. Wapangaji waliyanunua kwa dola 250 kwa fleti. Leo baadhi ya fleti hizo zinauzwa kwa mamia ya maelfu, kwa sababu kikomo cha faida hakikuwekwa vizuri tangu mwanzo.

Berlin tangu 2021 inadai kibali kabla ya kugawa jengo lenye fleti zaidi ya tano. Mojawapo ya njia za kukipata ni kuwauzia wapangaji wenyewe angalau theluthi mbili ya fleti.

Wengi wetu, hata hivyo, tunaishi Maryland, jimbo linalopakana na Washington. Takoma Park ina sheria yake ya nafasi ya wapangaji kununua. Kaunti za Montgomery na Prince George's zina haki ya kwanza ya kununua, ambayo inaweza kutumiwa na kaunti yenyewe au shirika, hivyo nguvu ya mpangaji mmojammoja huko ni ndogo kuliko mjini Washington.

Kabla ya kura

Mpate wakili wa chama, siyo yule aliyeletwa na mwendelezaji. Mara nyingi wakili na mshauri wa maendeleo hulipwa mradi unapokamilika, kutoka kwenye fedha za mradi, na mji umekuwa ukigharamia mashirika ya kusaidia wapangaji bila malipo. Ofisi ya mji ya utetezi wa wapangaji hujibu maswali ya awali. Mdai mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa barua. Na kila mkutano uwe na karatasi ya mahudhurio yenye namba ya fleti na saini, kwa sababu mwenye jengo akipinga kwamba hamkufikia nusu ya kaya, hiyo ndiyo karatasi itakayotakiwa.